Programu ipi ya kuangalia nyota inafaa laptop ya zamani?

Kihonda_kwetu: Wakuu habari za jioni. Nimepata laptop ya mtumba, RAM 4GB, Windows 7, kadi ya grafiki ya maana haina. Niko Morogoro, nataka programu ya kujifunzia nyota na sayari mimi na watoto, iwe ya bure na ikishaingia isinile bando kila nikiifungua. Naona zinatajwa Stellarium, Celestia, Cartes du Ciel mpaka nachanganyikiwa, nianze na ipi?

mpenda_anga: Mkuu anza na Stellarium. Ni bure kabisa, unadaunlodi mara moja (mamia ya MB, tafuta wifi) na nyota zaidi ya laki 6 zimo humohumo, intaneti huihitaji tena. Kwa Windows 7 chukua faili lenye neno Qt5. Ikifunguka tu bonyeza F6 uweke Morogoro, maana isipojua ulipo inakuwekea anga la Paris, utaiona Nyota ya Kaskazini iko juu angani wakati Morogoro haichomozi hata siku moja, watoto watatoka nje waitafute mpaka wachoke.

Baba Neema: Naongezea hapo, Stellarium inataka OpenGL (mfumo wa kuchora picha unaotegemea kadi ya grafiki) na mashine nyingi za zamani zinagoma au picha inakwamakwama. Ikikugomea weka Cartes du Ciel, nyepesi sana, sura yake ni ya ramani tu haina miti wala machweo, ila kwa kupanga darubini uielekeze wapi usiku mie naipenda kuliko zote. Celestia ni kitu kingine, ile unasafiri mpaka Zohali unaizunguka na pete zake, tamu mno kwa watoto lakini haikufundishi anga la juu ya nyumba yako.

tanga_mjini: Ukishaiweka Stellarium waonyeshe watoto hii: F6, latitudo -8.7, longitudo 34.4, ndo Rujewa kule Mbarali. F5 weka 1 Septemba 2016 karibu saa sita mchana, bofya Jua, livute karibu, sogeza dakika taratibu utaona Mwezi unaingia katikati Jua linabaki pete, ndo kupatwa kule kulikojaza watu Rujewa. Sasa bila kugusa saa rudi Morogoro, pete haikamiliki, Jua limemegwa upande tu. Ukimaliza bonyeza 8 inarudi saa ya sasa hivi.