Kuruka kwa upondo: mguu ukikanyaga karibu mno na kisanduku (kishimo ambamo upondo unachomekwa), bembea ya mwili inakufa. Tufanyeje?

Mwalimu Kakamega
Hamjambo wakufunzi. Nina mvulana wa kidato cha tatu, kilo 62, mtumia mkono wa kulia. Upondo wake ni wa mita 4.00, umeandikwa kilo 63, yaani uzito wa mrukaji unaoufaa. Anashika mita 3.60 kutoka ncha ya chini na kukimbia hatua 12. Akijirusha, mkono wa juu unanyakuliwa nyuma ya kichwa, magoti yanakunjwa papo hapo, na upondo unakwama kabla ya kufika wima. Mara nyingine unamrudisha upande wa kisanduku. Nimtafutie upondo laini zaidi?

Kocha Kisumu
Usiguse upondo kwanza, Mwalimu. Mwambie mtu achuchumae kando ya njia na kutazama ncha ya kiatu cha kushoto pale anaporuka. Ncha hiyo inatakiwa iwe chini kabisa ya mkono wa juu.

Ipige hesabu. Kijana asimame kwa vidole, anyooshe mkono wa kulia, upime kutoka chini hadi kiganjani. Tuseme ni 2.30. Ongeza 0.20, kina cha kisanduku, upate 2.50. Mshiko ni 3.60. Kwa kanuni ya pembetatu mraba, umbali kutoka ukuta wa nyuma wa kisanduku ni mita 2.59. Akikanyaga 2.30, amejisongeza sentimita 29: upondo unagonga ukuta mkono ukiwa bado nyuma ya mguu, na ile kasi ya mbio inaishia mabegani. Ndiyo maana anakunja magoti. Mwili unajaribu kujiokoa.

Tazama pia mikono. Mguu wa kushoto wa hatua ya tatu kutoka mwisho, mikono ianze kupanda kutoka nyongani. Mguu wa kulia, mkono wa juu uwe sikioni. Kushoto wa mwisho, umeshanyooka. Wanaochelewa huinua mikono baada ya kukanyaga. Hatua ya mwisho iwe fupi kidogo kuliko iliyotangulia. Akiirefusha anaegemea nyuma.

Upondo Nakuru
Naunga mkono, na niongeze kuhusu bembea. Mguu wa kushoto ubaki mrefu nyuma, kifua kitangulie, kisha ufagie mbele ukiwa umenyooka, kama kengele inayoning'inia. Kukunja goti mapema kunafupisha kengele: mwili unazunguka haraka, lakini upondo unanyimwa msukumo wa kufika wima.

Mazoezi ni kwenye chuma cha kujivutia: mikono iliyonyooka, bembea 5 hadi 6, seti 3, mguu wa kushoto unyooke mpaka ugoko ukaribie chuma. Mwamba wa goli haufai, ni mnene na kiganja hakiufumbati. Kamba nene kwenye tawi imara ni bora.

Wasio na godoro wafanye upondo usiopinda kwenye shimo la mchanga la kuruka chini: hatua 4, mshiko mita 2.40 hadi 2.60, watue kwa miguu. Kupindisha upondo bila godoro ni marufuku kwangu, hata kama kijana anaomba.

Mwalimu Kakamega
Nimepima asubuhi ya leo. Kiganja kweli kinafika 2.30. Mguu unakanyaga 2.25, mara nne kati ya tano. Nisogeze alama ya kuanzia nyuma sentimita 34?

Kocha Kisumu
Hapana, ukisogeza sasa atanyoosha hatua za mwisho kufidia. Shusha mshiko hadi 3.40. Hesabu ileile inatoa 2.30, kwa hiyo mguu wake uko karibu sahihi bila kugusa mbio. Upondo utakuwa mgumu zaidi, maana zile kilo 63 ni za mshiko wa karibu na ncha ya juu, lakini mshiko mfupi unazunguka kwa wepesi na atafika godoroni. Weka alama kando ya njia zikibaki hatua 6. Akiikosa, kosa limeanzia huko.

Nguzo zinazoshika ufito wa kurukwa zirudishwe hadi sentimita 80 nyuma ya ukuta wa kisanduku. Akiingia godoroni vizuri mara 5 mfululizo, panda mshiko sentimita 5. Kila unapopanda hivyo mguu unarudi takriban sentimita 7. Hapo ndipo usogeze alama ya kuanzia. Na pimeni asubuhi: hapa Kisumu upepo wa ziwa huvuma alasiri, na ukimpiga usoni hatua zinafupika, vipimo vyote vinapotoka.