Chumba na sebule, jiko humo humo: nianze na nini kuzuia moto?

Mpangaji_Tandika: Wakuu, nimepanga chumba na sebule. Jiko la gesi la plate mbili na mtungi wa kilo 15 viko kona ya sebule. Soketi ni moja, ekstensheni inalisha friji, TV, birika na pasi. Madirisha yote yana nondo. Bajeti ndogo, nilitaka kuanza na kizima moto.

Fundi_Waya: Kizima moto kisubiri, mkuu. Plagi ya 13A kwa umeme wa 230V inabeba kama wati 3,000. Birika wati 2,000 na pasi 1,200 kwa pamoja tayari umepitiliza, friji bado. Na ekstensheni nyingi za bei chee zina waya mwembamba usiofikia hata hiyo 13A. Birika na pasi vichomeke moja kwa moja ukutani, kwa zamu. Halafu ule mtindo wa kuchomeka plagi ya pini mbili za duara kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la ethi, acha. Pini hazishiki vizuri, panapogusana panachemka. Tumia adapta.

Mpangaji_Tandika: Asante. Hiyo soketi ya ukutani huwa ya moto, na kuna harufu kama ya samaki. Breka haijawahi kukata.

Fundi_Waya: Haitakata. Breka inaangalia wingi wa umeme, haioni skrubu iliyolegea. Hiyo harufu ni plastiki inayoungua. Zima mein swichi leo, na hiyo soketi usiitumie tena. Fundi akate waya ulioungua mpaka afike kwenye shaba safi, afunge soketi mpya. Akikaza tu ile ile, mwambie hapana.

Bi_Mitungi: Upande wa gesi, ndugu yangu: funga plate zote, fungua mtungi, paka povu zito la sabuni kwenye valvu, regyuleta na ncha zote mbili za mpira. Povu likivimba, panavuja. Usipime kwa kiberiti! Mpira uwe wa gesi, si wa maji, usipite nyuma ya jiko, na ncha zibanwe kwa klipu. Ukiukunja ukaona nyufa, badilisha.

Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi kisha fungua mlango. Dirisha peke yake halitoshi, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni hadi uvunguni. Usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima feni.

Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, zima gesi, telezesha mfuniko juu, uache hadi yapoe. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla na kuyarusha yakiwa yanawaka.

Kaka_Zamu: Umeme ukikatika, chomoa pasi. Ukirudi hamko nyumbani ndiyo balaa.

Nondo: fundi wa kuchomelea akate dirisha moja la chumbani, aweke bawaba na kufuli. Ufunguo utundikwe ndani, mtoto aufikie lakini mkono wa nje usiufikie. Hii naiweka mbele ya kizima moto.

Ukija kukinunua, chukua cha poda, mshale uwe kwenye kijani, kikae karibu na mlango na si jikoni. Cha kilo 2 kinaisha kwa sekunde chache, kwa hiyo lenga shina la moto. Moto ukishapanda darini, toka na watu. Zimamoto ni 114. Taja mtaa na kitu maarufu kilicho karibu, kisha mtu asimame barabarani kuwaelekeza.