Njia ya vumbi isiyo na gari: Unguja au nivuke Pemba?

TairiNene (Mwanakwerekwe)

Assalaam alaykum. Nimepata baskeli ya mtumba, ile ya usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, tairi za milimita 40 zenye meno madogo madogo. Fundi wa mtaani kaniambia hii ni ya njia za kifusi, nikiimaliza kwenye lami naionea.

Wenye baskeli kama hizi huko nje huzunguka mabwawa makubwa ya maji. Uingereza lipo la Kielder, njia ya kilomita 42 imelizunguka lote, ya waendao kwa miguu, farasi na baskeli. Sisi bwawa la ukubwa huo hatuna, lakini vumbi tunalo tele. Kila nikitoka naishia barabara ya Amani au ya Fuoni, daladala huku, bodaboda kule, roho mkononi. Nataka pahala nipande nusu siku nisisikie honi. Hata kupanda meli niko tayari. Wapi, na wakati gani?

Mtu_wa_Bambi

Pemba ya nini, na bonde la mpunga la Cheju liko hapo? Ingia kwa Jendele, ukifika bondeni iache barabara, fuata njia za matrekta baina ya majaruba, vile vitalu vya mpunga. Mabonde yale yamewekwa kwenye mradi wa umwagiliaji wa mkopo wa Korea Kusini, na Kibokwa vile vile. Utapishana na gari ya ng'ombe na watu wenye majembe, basi. Ukitaka maji ya kutazama, mifereji ipo.

BwanaShamba_Wete

Wa alaykum salaam. Huyu wa Bambi kasema kweli, ila kasema nusu.

Mwanangu TairiNene, mimi nilikuwa bwana shamba. Nimekwenda mabonde na vilima kwa baskeli ya Phoenix mpaka nimestaafu, na hadi leo sipandi gari kwenda shamba langu. Kwa hiyo nitakueleza njia kwa udongo wake. Ramani ya simu inakuonesha mstari tu. Chini ya mstari kuna nini, haijui.

Cheju na mabonde mengi ya mpunga ni kinamo, udongo wa mfinyanzi. Kikavu, kigumu sawasawa na sakafu, utapita kwa raha isipokuwa pale kilipopasuka mipasuko mipana, hapo gurudumu linaweza kunasa. Kikirowa, usijaribu. Kinakamata tairi, kinajaza pale kwenye uma wa mbele mpaka gurudumu halizunguki, na wewe uliyetoka kupanda baskeli unarudi umeipakata begani. Halafu ni heshima pia: kuta za majaruba zinajengwa kwa mikono, na akina mama ndio wenye mpunga ule. Pita njia ya trekta, kuta waachie wenyewe.

Mashariki ya Unguja, kwenda upande wa Chwaka na kusini yake, ni uwanda na maweni. Udongo kidogo, jiwe la matumbawe limechomoza. Mvua haikusumbui kule, maji yanazama papo hapo, lakini jiwe lile linakata ubavu wa tairi, na ubavu hauzibiki kwa kiraka. Tairi yako ya milimita 40 itapita, usiijaze upepo ikawa ngumu mno, na usiishushe mno ringi ikagonga jiwe.

Udongo wa baskeli ni kinongo. Ule mwekundu, wa kwenye mikarafuu. Unachuja maji, na siku mbili tatu baada ya mvua unakuwa umeshikana vizuri, hauna vumbi wala tope. Unguja upo, lakini huko ndiko mji ulikohamia. Ndiyo maana nakwambia vuka.

Shuka Mkoani, tia baskeli juu ya keria ya gari ya abiria mpaka Chake, kisha Konde. Usijifanye shujaa wa kupanda kutoka Mkoani. Barabara kuu ile ina gari na vilima vyake havina huruma, kimoja hakijesha unaona chengine. Konde ndipo safari inapoanza. Unashika njia ya Makangale, inapita katikati ya msitu wa Ngezi. Ghafla jua linakatika, mivule na mitondoo imefunga juu, baridi inakupiga kifuani. Gari moja moja. Hapo punguza mwendo uangalie, kuna paa wadogo wanaovuka na kima. Ukitaka kuingia vijia vya ndani kuna malipo na muongozaji, ulizia langoni.

Ukitoka msituni kuna mashamba ya mipira, miti imepangwa safu kwa safu. Kisha mkono wa kulia unashukia Vumawimbi, mkono wa kushoto Verani, na mbele kabisa ni Ras Kigomasha na mnara wake wa taa. Njia za huku zinageuka mchanga kila unapokaribia pwani, kuna vipande utashuka usukume. Lakini Vumawimbi siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakishakupwa, mchanga uliorowa unakuwa mgumu na unapanda juu yake pwani nzima. Bamvua huku kwetu maji hukupwa kama saa nne asubuhi, kwa hiyo toka Konde alfajiri, pitia msituni na baridi, ufike pwani maji yako chini. Yakiwa ni maji mafu, yasiyokupwa sana, pwani isahau, rudi kwa njia ya Verani.

Wakati: baada ya masika, mwezi wa sita kwendelea. Kusi linavuma, hewa nzuri. Jua tu kwamba linakusukuma ukienda Kigomasha na linakungoja usoni ukirudi, basi nguvu usizimalize kwendea.

Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa ukali. Kuanzia mwezi wa saba hivi, mwaka wenye mavuno, karafuu zinaanikwa kwenye majamvi pembezoni mwa njia, na kila kijiji utapita baina ya majamvi. Usikanyage, usiruke, shuka. Nimeshaona watalii na baskeli zao wakipita juu wakicheka. Jamvi lile ni ada ya skuli ya mtoto wa mtu.

FundiRingi

Mzee kamaliza ya njia, niongeze ya baskeli. TairiNene, usidanganyike na namba 28. Phoenix ni 28 na yako imeandikwa 28, lakini ringi ya Phoenix ni milimita 635 na yako bila shaka ni 622. Tairi ya dukani Konde haitakaa kwako. Tyubu yake itaingia, ikiwa tundu la ringi yako linapitisha vali nene. Ikiwa ni jembamba, chukua tyubu zako mbili kutoka mjini. Chukua na kipande cha tairi kuukuu cha kuwekea ndani ubavu ukikatika. Noti ya elfu moja iliyokunjwa nayo hufanya kazi mpaka nyumbani, halafu unaitoa unanunulia chai.

Ukhty_Gando

Mbona mnazungumza kama wapandao ni wanaume tu? Mie naenda kwa baskeli na baibui langu. Mzee wangu, njia hiyo ya msituni mwanamke akipita na mwenzake kuna tabu?

BwanaShamba_Wete

Hakuna tabu, mwanangu. Walimu wa kike walikuwa wakienda skuli kwa baskeli zamani hizo na hakuna aliyeshangaa. Funika cheni, baibui lisiliwe. Ila msitu usiwakute magharibi, wewe wala yeye. Njia ina giza mapema na bodaboda nyengine hazina taa.

Mtu_wa_Bambi

Kinamo nakubali, Mzee. Lakini mwezi wa kwanza na wa pili, kaskazi, Cheju iko kavu na nauli ya meli hulipi.

BwanaShamba_Wete

Kivuli je?

TairiNene (Mwanakwerekwe)

Ahsanteni. Cheju nitakwenda Jumapili hii kuijaribu baskeli, maana mvua haijanyesha wiki nzima. Pemba inshaallah bamvua ya mwezi wa sita. Ukhty, ukiwa na mwenzako mnakaribishwa. Mzee, Konde kuna pa kulala?

BwanaShamba_Wete

Lala Wete, gari za Konde zinatoka mapema. Maji ya kunywa jaza Konde, usitegemee ya mbele.