Tupeane uzoefu: neno gani la Kiingereza lilikuumbua ulipolitamka?

Karani wa Jinja

Habari zenu ndugu zangu, kuanzia Busia hadi Kasese, Arua hadi Mutukula. Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo nimekaa nalo moyoni miaka mingi.

Mwaka 2009 niliitwa kwenye intavyuu ya ukarani. Walikuwa watatu nyuma ya meza. Nikapewa karatasi ya mauzo niisome kwa sauti. Nilikwenda vizuri mpaka nilipofika kwenye "receipt". Nikasema "risipti", tena p yenyewe nikaikaza, kwa sababu naiona pale imeandikwa. Yule wa katikati akaweka kalamu chini, akamtazama mwenzake. Mstari wa pili kutoka hapo nikakutana na "debt", nikatamka na b yake. Hawakuniuliza swali jingine. Wakasema watanipigia simu, na simu haikupigwa.

Hesabu nilizijua. Nilikuwa nikifunga vitabu vya duka la mjomba tangu niko sekondari. Baadaye sana ndipo nikasoma kwamba hizo p na b ziliingizwa zamani na wasomi wa Uingereza waliotaka maneno yafanane na Kilatini, "recepta" na "debitum". Ulimi wa Waingereza wenyewe haukuzifuata hata siku moja. Kwa hiyo herufi ambayo mwenye lugha aliiandika bila kuitamka, mimi nilikosa kazi kwa kuitamka.

Na bibi yangu, ambaye hakukaa darasani hata siku moja, alikuwa akisema "risiti" maisha yake yote. P haimo. Yeye neno alilipata dukani kwa sikio, mimi nililipata kitabuni kwa macho. Naona shina la jambo liko hapo: neno ulilolisoma kabla hujalisikia ndilo linalokuangusha mbele za watu. Nanyi semeni.

Mstaafu wa jeshi, Bombo

Mwanangu, pole sana. Hilo la bibi yako nalijua kutoka kambini.

Sisi Kiingereza cha vyeo tulikisikia kwa Kiswahili kwanza. Afande alikuwa kanali, basi, kanali. Kijana wangu wa kwanza alipofika S.1, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, akanisomea gazeti palipoandikwa "colonel": "ko-lo-neli". Nikamwambia hapana, soma tena. Akanionyesha kwa kidole: l ndiyo hii, o ndiyo hii, baba wewe umekosea. Nilishindwa kumweleza, kwa kuwa maandishi yalikuwa upande wake.

Mwalimu mmoja wa historia ndiye aliyetufungua macho. Neno lilitoka Italia likiwa "colonnello", likapita Ufaransa likageuka "coronel", Waingereza wakalipokea na r hiyo. Kisha wakarudisha l ya Kiitaliano kwenye maandishi, mdomoni wakabaki na lao. Mwingereza r ile ya katikati haigongi, anavuta irabu tu. Ukisema "kanali" uko karibu naye kuliko yule anayesoma kila herufi.

Nikiwa Mogadishu nikaona jingine. Neno "lieutenant" mkufunzi Mwingereza anaita "lefutenanti", Mmarekani anaita "lutenanti", na cheo ni kimoja. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Sisi kwetu ni luteni na kazi inaendelea. Nikajiuliza, hawa wakitofautiana inaitwa tofauti, sisi tukitofautiana inaitwa kosa?

Mama wa mchele, Owino

Asante mzee, hilo swali lako limenigusa.

Mimi nauza mchele na maharage sokoni hapa Kampala. Kiswahili nilikipata kwa wateja wa Busia, lakini lugha ya nyumbani ni Luganda. Siku moja alikuja mzungu na dada mmoja wa kumwongoza. Nikamwita kwa Kiingereza aje aone "rice" yangu ya Tilda, mpya kabisa. Ulimi ukatoa "lice". Wanaojua Kiingereza wanajua hao ni chawa. Mzungu hakusema kitu. Yule dada, msichana wa hapa hapa, ndiye aliyeinama akacheka mpaka akashika gunia. Gunia langu! Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mchele, na nilitamani usitoke.

Nataka watu waelewe, si kwamba Muganda hawezi kutoa r. Anaitoa kila siku akisema "emmere", yaani chakula. Luganda ina utaratibu wake: baada ya e au i inakuja r, kwingine kote inakuja l. R haianzi neno. Ndiyo maana redio kwetu ni "leediyo" na lori ni "loole". Jambo la kushangaza ni kwamba masikio yetu hayasikii hizo kuwa sauti mbili, yanasikia moja iliyobadilika kidogo kwa sababu ya jirani yake. Sasa mtu anakuja na "rice", r mwanzoni mwa neno. Ulimi unafanya ulichofundishwa na mama.

Kwenye Kiswahili nako imenipata. Wakati wa uchaguzi nilimwambia mteja wa Malaba kwamba kesho sifungui, nakwenda "kupiga kula". Akanijibu, nyabo, kula vizuri. Huyo sikumkasirikia, alisema kwa upendo.

Fundi viatu, Mbarara

Nyabo, sisi huku ni kinyume chako. Runyankole haina kazi kubwa na l. Mimi husema "kura chakura" na watoto wa mjini wananirekebisha. Kula kwetu ni "kurya", sasa hiyo l niitoe wapi? Nikikutana nawe siku ya uchaguzi, wewe unakwenda kupiga kula, mimi naketi kura.

Mwalimu, Lira

Nafundisha darasa la tano. Baraza la mawaziri lilipopitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe cha lazima shuleni, mimi nilikuwa nimeshaanza kukifundisha kwa hiari yangu, kwa hiyo haya mnayosema nayaona kila asubuhi.

Watoto wetu wa Kilango na Kiacholi wanazaliwa kwenye lugha isiyo na "sh". Kwa hiyo "fish" inakuwa "fis", na shamba inakuwa "samba". Mwalimu aliyenitangulia alikuwa akimsimamisha mtoto mbele na kumrudisha neno hilo hilo mpaka darasa zima licheke. Mtoto mmoja wa kike aliacha kabisa kunyoosha mkono. Alipokuja kwangu alikuwa anaandika kila jibu sahihi na hasemi lolote.

Nilichofanya ni kidogo tu. Nilimwuliza, mdogo wako akilia usiku mama anamnyamazishaje? Akasema, "Shhh." Ikatoka safi, mdomo umechongoka, kidole kimeshakwenda midomoni chenyewe. Nikamwambia shikilia hiyo hiyo, sasa ongeza "amba". Alirudia mara tatu kwa sauti ya chini, kisha akaangalia nyuma kuona nani anamtazama. Sauti alikuwa nayo tangu utotoni, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inaweza kutumika ndani ya neno.

Nawaomba walimu wenzangu: msimcheke mtoto kwa sauti ambayo lugha ya kwao haina. Atawaachia somo lenu akatafute pa kunyamaza.

Wa bodaboda, Busia

Ssebo mwalimu, Mungu akubariki.

Mimi nina dogo. Wazee wa hapa wanasema kazi yetu ilianza kwa baiskeli, kuvusha watu na mizigo kati ya mpaka wa Uganda na wa Kenya. Walikuwa wakiita abiria kwa Kiingereza, "border! border!", ikawa boda boda. Mteja mmoja aliwahi kuniambia tumeharibu neno la watu kwa kudondosha r. Tangu hapo nikimsikiliza Mwingereza redioni nategea sikio. Na yeye r ya mwisho haisemi! Anasema "boda" kama mimi. Wazee walisikia sawasawa.

Dereva wa lori, Mutukula

Nyinyi mnalia na Kiingereza, sisi tunaotoka Tanzania mnatumaliza kwa majina yenu. Mara ya kwanza kuvuka niliuliza njia ya "Kiotera". Watu wanne wakatikisa kichwa, na wote walikuwa wamesimama ndani ya wilaya ya Kyotera! Mama muuza chapati ndiye aliyenihurumia: "Chotera, ssebo." Ky yenu inasomeka ch, nani angejua? Kyambogo nayo nilijifunza hivyo hivyo.

Kutoka Nakivale

Mimi ni Mkongomani, nilisoma Kifaransa. H ya Kiingereza ilinitesa, maana kwa Kifaransa tunaiandika na hatuitamki. Lakini kilichonishangaza zaidi Uganda si matamshi, ni maana. Nilikuwa nimebeba jerikeni mbili za maji, jirani akaniambia "well done". Nikatua mizigo nikafikiri nimeshinda nini. Kumbe ni "gyebale" ya Luganda wameivika Kiingereza, kama sisi tunavyosema pole na kazi. Wakaniambia pia "you are lost" na mimi niko mlangoni kwangu. Hiyo niliielewa haraka, kwa sababu ni "umepotea" ya Kiswahili neno kwa neno.

Seremala, Kireka

Karani wa Jinja, kuhusu bibi yako na risiti. Ongeza na kabati. Kwa Kiingereza ni "cupboard", imeandikwa p, na Mwingereza haitamki. Nimetengeneza makabati miaka kumi na tisa. Mteja mmoja alinisahihisha niseme "kapubodi", nikatii mbele yake kwa sababu alikuwa analipa. Nimeacha.

Karani wa Jinja

Ndugu seremala, umenirudisha mbali. Bibi alikuwa na kabati la mvule, mlango mmoja umelegea bawaba. Droo ya juu ndimo alimoweka karatasi zote za dukani, zimefungwa kwa uzi mweusi wa cherehani, za mwaka huu mbele na za zamani nyuma. Akitaka moja alikuwa ananituma: "Nenda kwenye kabati, niletee risiti ya mabati."

Yote mawili alikuwa anayasema sawa, na mimi ndiye niliyekuwa nakwenda shule.