Siku moja Bangkok na shangazi, tuanzie wapi?

Muuza Vitenge, Ngamiani
Habari za jioni. Mwezi ujao nafuata mzigo Guangzhou, safari hii na shangazi. Tunashuka Bangkok alfajiri, ndege ya pili ni usiku. Anataka kuuona mji, ila magoti yanamsumbua na chakula lazima kiwe halali. Twende wapi? Teksi sitaki, nasikia foleni ya kule utazeekea ndani.

Mzee wa Mawe
Mwanangu, nimekwenda kule mara nne na mawe ya vito ya Umba. Kutoka uwanja wa Suvarnabhumi pandeni treni hadi Phaya Thai, mhamie ile inayopita juu ya nguzo, mbadilishe Siam, mshukie Saphan Taksin. Chini ya daraja pana gati la Sathorn. Hapo foleni mmeikwepa, njia iliyobaki ni mto Chao Phraya. Pandeni boti ya bendera ya chungwa. Haikai gatini: kijana wa nyuma anapuliza filimbi, inagusa, watu wanaruka. Mshike shangazi mkono.

Ikulu ya zamani ya wafalme, iliyoanza kujengwa 1782, ni nzuri lakini ni pana, na jua lake ni kama la Tanga mwezi wa pili. Kwa magoti hayo nendeni hekalu la Wat Pho, gati la Tha Tien. Kuna Buddha aliyelala, urefu mita 46, nyayo zake zimepambwa kwa magamba ya chaza. Nyuma yake pana mabakuli 108 ya shaba, watu wanatumbukiza sarafu moja moja, ukumbi mzima unalia kling, kling. Viatu mnavua. Buibui halina neno kabisa.

Na mtu nadhifu akikwambia "leo pamefungwa", mpite. Mimi nilimsikiliza. Akaniitia bajaji kwa bei ya bure, nikashushwa duka la vito. Mimi, muuza mawe! Nikaletewa yakuti safi mno, ndani haina hata unywele, eti ya mgodini, kumbe ya kiwandani. Nilimrudishia nikaomba maji ya kunywa.

Binti Chumbageni
Shikamoo mzee. Umesahau hekalu la Wat Arun, ng'ambo ya Tha Tien, kivuko ni dakika chache. Mnara wote umebandikwa vipande vya vyombo vya kaure vya Kichina. Mie nilikumbuka makaburi ya kale ya Tongoni, kwetu Tanga, yale matundu yalimokuwa mabakuli. Shangazi asipande ngazi, zimesimama wima.

Mzee wa Mawe
Marahaba binti. Kweli, na kwa chini panaonekana vizuri tu. Mkirudi shukieni gati la Oriental, msikiti wa Haroon uko karibu. Mtaswali, na mitaa ile ina chakula cha Waislamu. Ulizeni khao mok: wali wa manjano na kuku, tango pembeni. Si biriani ya kwetu, lakini nilirudia sahani.

Muuza Vitenge, Ngamiani
Ahsanteni. Nimemsomea shangazi. Ikulu kaiacha, ila anauliza hayo mabakuli 108 lazima uyatie yote, au ukichoka unaachia njiani?

Binti Chumbageni
Mie niliachia la arobaini, sarafu ziliisha.