Pesa inakatwa, oda haisogei: nirekebishe plagini, nihame kampuni ya malipo au nirudi Lipa Namba?

Vitenge_Msimbazi
Wakuu, heshima kwenu. Nauza vitenge Kariakoo, na nina duka la mtandaoni kwenye WooCommerce, ile programu ya duka inayokaa ndani ya WordPress. Mteja akichagua mzigo na kuweka namba ya simu, inamjia ile menyu ya kuweka namba ya siri, analipa, meseji ya makato inaingia. Dukani kwangu oda inabaki "inasubiri malipo", na baada ya saa moja inajifuta yenyewe. Mteja anapiga simu amewaka, na ana haki. Hali hii imeanza tulipohamisha tovuti kwenda seva mpya. Halafu kuna kundi lingine dogo: hao menyu haiwatokei kabisa.

Nimepewa njia nne: kumlipa fundi arekebishe plagini niliyonayo (programu ndogo inayounganisha duka na kampuni ya malipo); kuhamia kampuni nyingine ya malipo; kutumia ukurasa wa kulipia wa kampuni yenyewe badala ya wangu; au kufuta yote nibandike Lipa Namba, watu wanitumie uthibitisho WhatsApp. Ninyi mngefanya ipi?

DadaSabuni
Lipa Namba, kaka. Mimi nauza sabuni na mafuta ya nywele, wateja wangu wengi wako Mbagala na Gongo la Mboto, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza inalipwaje. Ila usiamini skrinshoti wala meseji unayotumiwa, maana za kugushi ni nyingi mjini hapa. Mzigo haupandi bodaboda mpaka nione pesa kwenye simu yangu mwenyewe. Ubaya wake ni mmoja tu: mtu akilipa saa sita usiku, anasubiri niamke.

fundi_wa_Sinza
Dada, kwa oda chache kwa siku hiyo ni njia nzuri tu. Kwa duka linalohesabu stoku yenyewe, utaajiri mtu wa kukodolea simu macho.

Mkuu Vitenge, usihame kwanza. Malipo haya yana safari mbili. Ya kwanza, duka linaiambia kampuni "mdai huyu kiasi hiki". Ya pili, kampuni inarudi dukani kusema "amelipa". Kwako ya kwanza inafika, pesa inakatwa. Inayokufa ni ya pili, na hata ukihamia kampuni nyingine, majibu yake yatapita mlango uleule wa seva yako.

Kuna logi mbili za kuangalia, yaani kumbukumbu za yaliyotokea. Moja iko ndani ya WooCommerce, sehemu ya Hali, kisha Kumbukumbu. Kama plagini inaandika chochote, kitakuwa huko. Nyingine ni ya seva yenyewe, yaani orodha ya kila aliyebisha hodi. Tafuta muda wa oda moja iliyokwama, halafu soma namba ya majibu. Ukikuta 403, ukuta wa ulinzi wa seva unaifukuza kampuni ukidhani ni roboti mhalifu. Omba anwani zake za IP (namba zinazotambulisha kompyuta zake mtandaoni) ziruhusiwe. 500 ni plagini yenyewe inaanguka. 301 maana yake anwani uliyowasajilia siyo anwani halisi ya duka. Na usipokuta chochote, ujue majibu yanatumwa kwingine kabisa, pengine bado yanaelekea seva ya zamani.

Hiyo saa moja ni mpangilio wa kushikilia stoku. WooCommerce huja na dakika 60; oda isiyolipwa inafutwa ili mzigo urudi rafuni. Iongeze wakati unatafuta tatizo, usije ukauza kitenge kimoja kwa watu wawili.

Mteja_wa_Tegeta
Mimi natetea ukurasa wa kampuni. Mitandao yote na kadi viko hapo, na wao wakibadilisha kitu wanarekebisha wenyewe. Plagini nyingi za malipo ya hapa kwetu ziliandikwa zamani zikaachwa. Tangu toleo la 8.3, Novemba 2023, maduka mapya ya WooCommerce yanaanza na ukurasa wa kulipia wa bloku, yaani uliojengwa kwa vipande vya mtindo mpya wa WordPress. Plagini isiyoujua ukurasa huo haionekani hata ukiiwasha. Mteja anaambiwa hakuna njia ya malipo, na wewe unabaki unabadilisha funguo za API (nywila ambazo duka na kampuni hutambuana kwazo) ambazo hazina kosa.

fundi_wa_Sinza
Hoja ya bloku nakubali. Lakini ukurasa wa kampuni nao unategemea safari ya pili. Mteja akilipa halafu akafunga kivinjari kabla ya kurudishwa dukani, kinachobaki ni majibu ya seva kwa seva. Hayo yakikwama, uko palepale.

Vitenge_Msimbazi
Shukrani, fundi. Kijana wa seva amenitolea mistari hii, na iko hivyohivyo kwa kila oda iliyokwama:

`POST /wc-api/malipo/ 301`
`GET /wc-api/malipo/ 200`

fundi_wa_Sinza
Ndiyo hiyo. Seva mpya inalazimisha https, au imeongeza www, na anwani uliyosajili kwa kampuni ni ya zamani. Wamebisha, wameambiwa "tumehama, nenda kule". Katika kuhama huko POST (ombi linalobeba taarifa) ikageuka GET (ombi la kusoma tu), mzigo wa taarifa ukadondoka njiani. Plagini imepokea bahasha tupu, ikajibu 200, yaani "sawa", na kampuni ikahesabu imefika ikanyamaza. Ingia kwenye akaunti yako kwao, andika anwani kama inavyosomeka kwenye kivinjari, herufi kwa herufi, mpaka mkwaju (/) wa mwisho.

Wale wasiopata menyu: plagini inatambuaje mtandao wa mteja?

Vitenge_Msimbazi
Inaangalia namba inavyoanza. 075 inaipeleka Voda, 078 Airtel.

fundi_wa_Sinza
Basi hapo ndipo. Tangu 2017 mtu anahama mtandao na namba yake. Mwenye 0754 anaweza kuwa Airtel leo, na plagini inamdai Voda asiko. Weka kitufe mteja achague mtandao mwenyewe. Na hakikisha namba inatumwa ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri, kama kampuni yako inataka hivyo, zinatofautiana.

Vitenge_Msimbazi
Anwani imebadilishwa. Nimejaribu kwa shilingi elfu moja, oda imeruka yenyewe mpaka "inashughulikiwa". Sasa zile zilizofutwa na pesa ninayo?

hesabu_Posta
Usizifungue kwa kufuata malalamiko, utamlipa mjanja. Pakua ripoti ya miamala kwenye akaunti yako ya kampuni ya malipo, linganisha namba ya kumbukumbu na kiasi kwa kila oda, kisha badilisha hali ya zile zinazooana tu. Kabla ya kumpigia mtu, hakikisha kitenge chenyewe bado kipo, maana stoku ilisharudi rafuni na huenda kimeuzwa. Aliyekosa mzigo mrudishie pesa kwa namba ileile iliyolipa, siyo atakayokutajia kwenye simu.

Na fundi akuwekee kazi ya kuiuliza kampuni kila baada ya dakika chache kuhusu oda zinazosubiri. Wengi wana API ya kuuliza hali ya muamala. Ila iendeshwe na kroni ya seva, yaani kipangaji kinachoamsha kazi kwa saa. Ile ya WordPress huamka mtu akitembelea tovuti tu.

DadaSabuni
Mimi na Lipa Namba yangu bado. Ila fundi, hiyo kazi ya kuunganisha stoku unafanya kwa bei gani?