Wakuu naombeni ushauri, naanza matibabu ya tezi dume, nijiandaeje na maudhi yake?

Chuma_cha_Pua: Wakuu habari za jioni. Niende kwenye mada. Nilienda hospitali kwa shida ya mkojo, usiku naamka mara 5 mpaka 6 na ukitoka unatoka kwa kudondoka, wakapima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikasoma 24, wakakata vinyama, majibu yakaja ni saratani ya tezi dume. Nashukuru Mungu mifupani haijafika. Daktari kanipangia sindano za kuzuia homoni za kiume, moja kila baada ya wiki 12, halafu mbele ya safari mionzi 20 pale Ocean Road. Habari ya maudhi yake aliisema ila mimi kichwa hakikuwepo pale. Mliopita hii njia mtu anajiandaaje? Na nikianza nitaweza kuendelea kusukuma lori la Tunduma? Matusi sitaki.

Ngoja_Waje: Nipo pale nimekaa na kahawa yangu nasubiri wataalam.

Kashata_Moto: Pole mkuu. Kile kidole ulikivumiliaje? Mimi daktari alipovaa glovu tu nikakumbuka nimeacha maharage jikoni 😂😂

Sista_Zamu_ya_Usiku: Kashata rudi ukapimwe, acha utoto. Mtoa mada pole. Hizo sindano zinachomwa tumboni chini ya ngozi, na kabla ya ile ya kwanza kawaida wanakupa vidonge vya siku kadhaa kwa sababu mwanzoni homoni inapanda kwanza ndio ishuke, usiviruke. Tarajia joto la ghafla na jasho, tumbo kuongezeka, nguvu za kiume na hamu kupungua sana, wengine matiti yanajaa. Mifupa inalegea pole pole kwa hiyo anza kutembea na kunyanyua vitu vizito sasa hivi sio ukishachoka. Kwenye mionzi watakuambia uingie kibofu kimejaa na choo umeshapata, usione wanakusumbua, ni ili mionzi isiunguze utumbo. Mkojo utakubana ghafla ghafla na choo kinaweza kuwa chepesi, lori hizo wiki 4 sahau. Jifunze kubana nyonga kama mtu anayekata mkojo katikati, mara kadhaa kwa siku. Swali langu: mama nyumbani anasemaje?

Chuma_cha_Pua: Asante sana sista. Mama yupo vizuri. Hilo joto linaweza kumpata mtu akiwa kwenye usukani?

Mgomba_wa_Kibosho: Linampata popote. Baba yangu wao walimtoa kokwa zote mbili maana sindano za kila mara tungeuza mpaka mabati, kazi ni ile ile, kuzima homoni. Basi saa nane za usiku mzee anatoka nje kifua wazi na baridi ile ya kwetu mlimani anajipepea na mfuniko wa ndoo. Mama akawa anamchungulia dirishani anacheka peke yake, anamwambia baba fulani sasa ndio umeelewa mimi miaka ile nilikuwa napitia nini, ulikuwa unaniambia nina majini. Walikuja kuwa marafiki uzeeni wale wazee, sijawahi kuona. Aliishi miaka 9 baada ya pale, na kilichomchukua ni presha.

Sista_Zamu_ya_Usiku: Mtoa mada umenikwepa. Sindano ya kwanza umechomwa tarehe ngapi?

Chuma_cha_Pua: Sijachomwa. Niliambiwa niende wiki 3 zilizopita. Ngoja niseme tu. Mke wangu wa kwanza alitangulia mbele za haki, huyu niliye naye ana miaka 33, tuna miaka miwili hatujapata mtoto na mashangazi zake wameshaanza maneno. Hajui kitu, anajua nina UTI sugu. Hesabu yangu nivute miezi minne mitano hivi, akishika mimba ndio nikachomwe. Si wanasema huu ugonjwa unatembea pole pole? Na kuna mizizi nimeletewa kutoka Tanga, nakunywa asubuhi na jioni, mkojo umeanza kufunguka, kwa hiyo msinione sijafikiria.

Mja_wa_Mola: Shida ya wazee wetu ni kukimbilia vibinti. Ungetafuta mjane mwenzio wa makamo haya yote yasingekuwepo.

Sista_Zamu_ya_Usiku: Unatembea pole pole kwa babu wa miaka 80 mwenye PSA ya 6, sio hiyo ya kwako. Na mkojo kufunguka sio saratani kupungua. Kama ni mtoto, kliniki zinazopandikiza mimba hapo Dar zipo, unatoa mbegu zinagandishwa, ukimaliza unaenda kuchomwa. Ila iwe KABLA ya sindano. Gharama ipo.

Mpelelezi_Tandika: Wakuu mnalishwa chai hapa. Nimepekua nyuzi zake, wiki jana katangaza anauza shamba ekari 2 Mkuranga, kajitambulisha "kijana wa miaka 29 natafuta mtaji". Tezi dume ya miaka 29, mke wa kwanza marehemu, wa pili kamzidi umri. Chai ya rangi, hata tangawizi hajaweka.

Ngoja_Waje: Duh na mimi nilishaanza kusikitika. Mods fungeni uzi.

Mgomba_wa_Kibosho: Nimemtoa baba yangu kifua wazi kumbe kwa tapeli??

Chuma_cha_Pua: Jamani mimi nina miaka 57. Akaunti ni ya kijana wangu, mimi haya mambo ya kujisajili siyawezi, yupo safarini kaniachia simu hii. Shamba ni langu, yeye alinitangazia tu, nimemwambia nataka mtaji wa bodaboda. Hiyo mizizi yenyewe ni laki tatu. Sasa kliniki na sindano nalipa na nini?

Kashata_Moto: Shikamoo mzee. Naomba radhi kwa lile la kidole.

Udongo_Mfinyanzi: Samahanini natoka nje ya mada, shamba bado lipo?

Chuma_cha_Pua: Lipo. Milioni 9, minazi 11, bei haipungui.

Udongo_Mfinyanzi: Jumamosi nakuja kuliona. Ila mzee wangu ardhi ya mwenye ndoa sinunui mpaka mke asaini mbele ya mwenyekiti, nilishawahi kuburuzwa baraza la ardhi miaka 3 kwa hilo hilo. Uje naye.

Chuma_cha_Pua: Hawezi kusaini ndugu mwingine? Dada yangu yupo Vikindu hapo hapo.

Sista_Zamu_ya_Usiku: Mzee.

Chuma_cha_Pua: Jumamosi saa ngapi?